Dizeli Tezini: Kwa Anayeanza Kazi ya Boti

Ukisema pale Malindi ya Unguja kwamba unatafuta mashine ya dizeli ya kupachika tezini, yaani nyuma ya boti, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba inakula mafuta kidogo. Ni kweli tupu. Lakini kwa kijana anayeanza na boti moja ya faiba, mara nyingi ya mkopo, hilo ndilo jambo la mwisho ninalotaka alitazame. Atazame kwanza uzito, kisha saa ambazo mashine itanguruma kwa mwezi, kisha nani ataifungua ikigoma. Mafuta yaje baada ya hayo.

Uzito nitausema kwa urefu, maana ndio unaowaponza wengi. Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, hii inayochanganyiwa oili na ambayo imejaa pwani zetu zote, ina kilo 70 na kitu. Mashine ya dizeli ya farasi 50 ya Yanmar, ile Dtorque ya silinda mbili, ina takriban kilo 175. Sababu si ubaya wa mtengenezaji. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto; huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa mpaka karibu mara 18, wakati petroli hukandamizwa mara 8 hadi 10 hivi. Kishindo hicho kinataka bloku nene, kranki nene na bastola ngumu, na chuma kina uzito wake.

Kilo 100 za ziada ukiziweka katikati ya chombo, utazizoea. Ukizitundika tezini kwenye boti ya futi 23, omo, yaani mbele, inanyanyuka, tezi inazama, na ukitoka Nungwi wakati wa upepo wa kusi huku bahari inakufuata nyuma, maji yanapanda ndani. Ongeza wavu uliorowa na samaki waliorundikwa nyuma, na hapo nahodha hana tena anachokiongoza. Boti nyingi za kiwandani hubandikwa kibao kinachotaja nguvu na uzito wa mashine unaoruhusiwa. Kisome kabla hujatoa hata shilingi. Kama boti imejengwa hapa kwetu na haina kibao, mwite aliyeijenga umuulize mbao gani ziko ndani ya ukuta wa nyuma na unene wake ni kiasi gani. Ukuta uliolowana ndani hauonekani kwa macho, ila mtikisiko wa dizeli utaupasua upesi kuliko wa petroli.

Halafu kuna maji kupwa. Jambiani, Paje, Chwaka, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, bahari inarudi nyuma mbali sana na boti zinalala juu ya mchanga. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika kama mita nne. Wenyeji wa pwani hizo wana utaratibu wao: mashine ya 15 mtu mmoja anaitia begani, ya 40 wawili wanaipitishia mti, na jioni iko nyumbani, salama na wezi, imeoshwa kwa maji matamu. Kilo 175 haziendi nyumbani. Zitakaa juu ya boti usiku na mchana, na itabidi umlipe mlinzi. Sijaona muuzaji anayeliweka hili kwenye hesabu yake.

Sasa mafuta. Mashine ya 40 ya kuchanganya oili ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 20 kwa saa. Sehemu ya mafuta hayo, pengine robo, hutoka kwenye ekzosi bila kuungua, kwa vile mafuta mapya huingia wakati mlango wa kutolea moshi bado u wazi. Dizeli ya 50 ikifunguliwa hivyo hivyo inahitaji lita 12 hivi. Tuseme unaokoa lita 8 kwa saa. Mvuvi wa dagaa anatoka jua likizama, anafika, anawasha taa, anasubiri dagaa wakusanyike. Mashine yake imenguruma saa mbili usiku kucha, basi ameokoa lita 16. Tena mbalamwezi ikiwa kubwa haendi kabisa, kwa kuwa taa haivuti dagaa mbele ya mwezi, na mashine inalala siku kadhaa. Boti ya wapiga mbizi inayokwenda na kurudi Mnemba mchana kutwa, au ya doria, ikifikisha saa sita inaokoa lita 48 kwa siku. Bei ya kununulia dizeli ya kupachika ni zaidi ya maradufu ya petroli yenye nguvu hizo hizo. Chukua bei za mafuta ambazo ZURA, mamlaka ya kudhibiti maji na nishati Zanzibar, hutangaza kila mwezi, zidisha kwa saa zako za kweli, si za matumaini, uone tofauti hiyo itarudi baada ya miaka mingapi. Wavuvi wengi wa dagaa wakipiga hesabu hiyo wanakuta mkopo utakwisha kabla faida haijaonekana.

Jambo moja naliheshimu sana kwenye dizeli, nalo ni moto. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida hungoja ipate joto la nyuzi 55 na zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo huteremka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kukaa. Na sisi kwenye boti tunapika, tunavuta sigara, tunaunganisha waya za taa kwa mikono. Aliyebeba madumu ya petroli usiku anapaswa kulijua hili kama anavyojua kuogelea. Kwa boti za abiria, kama za Mkokotoni na Tumbatu, usalama huo pekee ni sababu ya kutosha kuifikiria dizeli.

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa mashine kubwa unazoziona kwenye video za simu. Majeshi ya nchi za NATO yalitaka mafuta ya aina moja na kuondoa petroli kwenye meli zao. Ndipo zikaja Oxe ya Sweden na CXO300 ya kampuni ya Cox ya Uingereza, silinda nane, lita 4.4, farasi 300, uzito karibu kilo 400. Ni mashine nzuri kweli. Hazikuundwa kwa ajili ya dago, kambi ya wavuvi, la Kojani kule Pemba.

Ukiamua dizeli, adui yako ni maji. Pampu ya mafuta na nozeli zinazoyapulizia ndani ya silinda zimesagwa kwa vipimo vidogo mno, na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji ya chumvi likipita, nozeli inakula kutu, na nozeli mpya haipatikani Mkoani wala Wete kwa siku moja. Tangi likikaa nusu tupu, unyevu wa hewa yetu hugeuka maji usiku na kushuka chini. Baina ya maji hayo na mafuta huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi unaoziba filta. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa nayo inapoteza ulaini na kuisugua pampu. Kwa hiyo jaza tangi jioni, si asubuhi. Weka filta ya kutenganisha maji yenye kikombe cha kuonea, na kila alfajiri fungua koki yake ya chini mpaka yatoke mafuta matupu. Dumu la dizeli lisiwe lililowahi kuteka maji.

Jifunze pia kutoa hewa. Petroli ikikwisha mkondoni unamimina nyingine, unavuta kamba, unakwenda. Dizeli ikikwisha, hewa imeingia kwenye mipira, na nyingi hazitawaka mpaka uitoe kwa pampu ya mkono, nyingine kwa kulegeza nati kwa spana huku chombo kinayumba. Na kamba usiitegemee: mkandamizo ule mkono wa mtu hauushindi. Betri ikifa katika mkondo wa Pemba, umekwama. Chukua betri mbili, moja isiguswe na taa.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana wanaidharau kwa sababu haina sura ya kisasa: injini ya dizeli ya ndani, silinda moja, kwenye mashua ya mbao. Uzito unakaa chini na katikati, vipuri ni rahisi, na fundi wa kijijini anaifungua. Inakula nafasi, na shafti na propela yake havipendi kukalia mchanga, basi unahitaji bandari yenye kina. Inakwenda polepole. Kwa anayebeba mizigo au kukaa baharini siku nzima bila haraka, mimi ningemwelekeza huko kabla ya dizeli ya kupachika.

Kama baada ya yote bado dizeli ya kupachika ndiyo inayokufaa, mwambie muuzaji akutajie fundi wa nozeli aliyepo Zanzibar, uende ukamwone kazini. Vipuri viandikwe kwenye mkataba kabla fedha haijatoka: filta za mwaka mzima, impela ya pampu ya maji, zinki za kukinga kutu, mkanda kama mashine yako inatumia mkanda, na nozeli moja ya akiba. Kisha omba kuijaribu na mzigo, watu wanane na wavu, maji yakiwa yanajaa na upepo upo.