Kabla hujabadilisha spea, angalia kwanza kilichomo kwenye tenki

Gari yangu ilianza kumisi, yaani enjini inakosa kuchoma mafuta sawasawa, asubuhi moja tu, jana yake usiku nimeipaki ikiwa nzima kabisa. Nikawasha ikashika kwa shida, ikawa inatetemeka mpaka usukani unacheza mkononi, nikikanyaga mafuta inajivuta haina nguvu, na taa ya cheki enjini ikawaka. Nilikuwa nawahi kazini, nikaenda nayo hivo hivo mpaka jioni ndo nikapitia gereji.

Fundi akaisikiliza kama dakika moja hivi, akasema ni plagi. Tukafunga plagi nne mpya, gari ikatulia kidogo nikaondoka nimefurahi, siku mbili baadaye hali ikawa ile ile. Nikarudi, safari hii wakasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zikafungwa koili zote nne. Bado. Wakasema sensa ya oksijeni, ikabadilishwa, bado. Mwisho fundi mwingine pale pale akaniambia enjini imechoka, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imekwisha, nijiandae kuifungua enjini nzima au nitafute enjini nyingine. Hapo ndo nikashtuka, maana tangu siku ya kwanza mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyechukua geji akapima hiyo kompresheni, yaani mtu anakuhukumia enjini kwa masikio!

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa makamo, mtaratibu sana. Hakufungua hata boneti kwanza. Akaniuliza, "Kijana, tatizo limeanza lini?" Nikamwambia, "Wiki tatu sasa mzee." Akauliza, "Na siku moja kabla, hii gari ulifanya nayo nini?" Nikafikiria, nikakumbuka jioni ile nilijaza mafuta, tena lori la mafuta lilikuwepo pale kituoni linashusha mzigo wakati mimi najaziwa. Akatikisa kichwa tu, akamwita kijana wake walete chupa ya kioo.

Wakaachanisha paipu inayopeleka mafuta kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye enjini, wakaiendesha pampu kidogo, mafuta yakaingia kwenye chupa, ikafunikwa ikawekwa kivulini. Kwa muda kidogo niliona petroli ya kawaida tu ila ina ukungu ukungu. Baada ya kama dakika kumi ukajitenga mstari, juu petroli, chini kitu kama vidole viwili hivi kisicho na rangi kabisa, na kwenye kitako vipunje vyekundu vya kutu. Akaiinamisha chupa taratibu, kile cha chini kikawa kinateleza chenyewe kikiwa kizito, hakichanganyiki na cha juu. Yale yalikuwa maji. Wiki tatu enjini inalishwa petroli na maji, na mimi nikiona tenki limeshuka naongezea juu yake, kwaiyo maji yanabaki pale pale chini, na pampu inavutia kule kule chini.

Ndo maana naandika hii. Mtu gari ikimsumbua anakimbilia kubadilisha vitu, na vitu vingine vinabadilishwa vikiwa vizima kabisa, wakati swali la kwanza lilitakiwa liwe je, ni nini kimebadilika kabla gari haijaanza kusumbua? Umejaza mafuta wapi? Imeoshwa enjini? Kuna mtu ameigusa, hata kama ni kubadilisha filta ya hewa tu? Gari ikianza kusumbua ghafla siku moja baada ya kujaza tenki, mafuta ndo mshukiwa namba moja mpaka yapimwe yaonekane hayana kosa. Plagi na koili nne huwa haziamki asubuhi moja zikafa zote kwa pamoja.

Na kumbe hata kompyuta ya gari ilishasema tangu mwanzo, sisi hatukuisikiliza. Kodi, yaani namba ya kosa inayotolewa na kompyuta hiyo, iliyokuwa inasoma ni P0300. Hiyo maana yake enjini inamisi hovyo hovyo, leo silinda hii kesho ile. Ingekuwa P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, na kuendelea. Tofauti hii ni kubwa sana jamani. Ikimisi silinda moja tu, tafuta kitu cha silinda ile, plagi yake, koili yake, nozeli yake, au kompresheni yake. Zikimisi zote kwa zamu zamu, tafuta kitu ambacho zote wanatumia kwa pamoja, na kitu hicho mara nyingi ni mafuta, presha ya mafuta, au hewa inayoingia pasipotakiwa.

Kwa silinda moja kuna njia rahisi ambayo haikugharimu spea hata moja. Kama gari ina koili kwa kila silinda na kodi ni P0303, chukua koili ya silinda ya tatu uihamishie ya kwanza, na ya kwanza uilete ya tatu, futa kodi, endesha. Kodi ikihama ikawa P0301 basi koili ndo mbovu, nunua moja tu. Ikibaki P0303, koili haina kosa, hamisha plagi ufanye hivo hivo. Vikiwa vyote vizima ndo unageukia nozeli na kompresheni. Na kompresheni inapimwa kwa geji, enjini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kama bar 10 mpaka 14 hivi, ila kikubwa zaidi ni silinda zisipishane sana. Yangu ile "iliyochoka" ilipopimwa silinda zote nne zilikuwa karibu sawa kabisa.

Kile kimashine kidogo cha kusomea kodi za makosa nakushauri uwe nacho mwenyewe, kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani magari madogo yote ya kuanzia mwaka 1996 yanayo, Ulaya ya petroli ni kuanzia 2001. Ila elewa kodi inakwambia enjini imeona nini, haikwambii kipi kimekufa. Mfano mzuri ni P0171, ambayo ni enjini kulalamika kwamba hewa ni nyingi kuliko mafuta. Watu wengi wakiiona wanabadilisha sensa ya oksijeni, wakati sensa masikini ndo iliyotoa taarifa ya ukweli! Mara nyingi ukitafuta unakuta paipu ya hewa imepasuka, au filta ya mafuta imeziba, au pampu imechoka. Mimi iliwahi kunitokea, ikawa ni kipaipu cha mpira nyuma ya enjini kimepasuka ufa mdogo kama ukucha, ukiweka sikio karibu enjini ikiwa inanguruma unasikia inafyonza ssss. Kwahiyo usikubali kabisa mtu akubadilishie sensa kwa sababu tu jina lake limetajwa kwenye mashine.

Na tafadhali usichomoe waya wa betri ili taa izime kabla hujaenda kwa fundi. Ile kompyuta huwa inahifadhi hali ya gari wakati kosa linatokea, ulikuwa spidi gani, enjini ina joto gani, inazunguka mara ngapi. Ukichomoa betri, kwenye gari nyingi unafuta ushahidi wote na fundi anaanza kubahatisha upya.

Jambo moja kwenye hii taa ya cheki enjini. Ikiwaka ikatulia, unaweza kwenda nayo taratibu ukatafute fundi, mradi geji ya joto na taa ya oili haziko vibaya. Lakini ikiwa inawaka na kuzima kwa kukonyeza, punguza mwendo, paki pembeni, zima. Hapo enjini inamisi vibaya kiasi kwamba mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye eksozi, yanaenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na kuipasha moto mpaka inayeyuka kwa ndani, sasa tatizo lililokuwa la koili moja linakuwa la koili na katalisti, na katalisti ni kati ya vitu ghali kwenye gari.

Turudi kwenye mafuta maana huko ndo kuna mambo mengi. Maji yanaingia kwa njia nyingi, tenki la kituo linavuja mvua ikinyesha, unyevu wa hewa unaogeuka maji ndani ya tenki linalokaa nusu muda mrefu, au uchafu wa chini kutibuliwa wakati lori linashusha. Siku hizi nikikuta lori linashusha siweki, naenda kwingine au narudi baadaye. Petroli lita moja ina uzito wa kama gramu 740 na maji gramu 1000, ndo maana yanazama. Angalizo, petroli yenye ethanoli inaweza kunywa maji kiasi fulani bila kuonyesha mstari, mpaka yazidi ndo ethanoli na maji vinajitenga kwa pamoja vinashuka chini, hivyo chupa ikiwa safi leo usihitimishe, ukiona ina ukungu iache ikae zaidi.

Halafu kuna uchakachuaji. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, enjini inaanza kugonga ukikanyaga mlimani, mlio kama vikokoto ndani ya kopo, moshi unaongezeka, nguvu inapungua na plagi zinapaka masizi. Kipimo cha haraka ni tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, petroli nzuri inakauka haraka inaacha karibu hakuna kitu, yenye mafuta ya taa au dizeli inaacha doa la mafuta linalokaa. Mchanganyiko mdogo kipimo hiki hakiukamati, mkubwa kinaukamata. Fanya nje penye hewa, mbali na moto, enjini ikiwa imepoa, na kufungua paipu za mafuta mwachie fundi maana huwa zina presha hata gari ikiwa imezimwa.

Oktani nayo inachanganya watu. Namba kubwa haimaanishi mafuta masafi wala yenye nguvu zaidi, inamaanisha mafuta yanastahimili mgandamizo bila kujilipua kabla ya wakati wake. Fungua kifuniko cha tenki au kitabu cha gari usome imeandikwa ngapi, weka hiyo. Gari iliyotengenezewa 91 ukiiweka 98 unatupa hela tu, na iliyotengenezewa 95 au 98 ukiiweka ya chini unaweza kuiumiza. Ukiwa Marekani usishangae kuona 87, wao wanapima tofauti, ni karibu sawa na 91 ya kwingine.

Ukikosea kabisa, dizeli kwenye gari la petroli au kinyume chake, usiwashe. Hata ufunguo usiuzungushe nusu, maana gari nyingi pampu inaanza kusukuma hapo hapo. Lisukumwe pembeni, tenki limwagwe. Kwenye dizeli za kisasa ni hatari zaidi, pampu yake inafanya kazi kwa presha inayofika bar 1,600 na kuzidi, na inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli hailainishi, chuma kinasagana na vumbi lake linaingia moja kwa moja kwenye nozeli.

Pia acha tabia ya kutembea taa ya mafuta imewaka kila siku. Kwenye magari mengi pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na mafuta hayo hayo.

Kuhusu mafundi, wengi ni waaminifu na wanafanya kazi ngumu, ila wewe mwenye gari una sehemu yako. Mwambie fundi dalili, usimwambie ugonjwa. Ukienda ukasema "nibadilishie plagi" atabadilisha plagi. Mwambie inamisi asubuhi ikiwa ya baridi, ikishapata moto inapungua, ilianza siku fulani. Muulize amepima nini na amesoma ngapi. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, endesha, ndo mwende kingine, maana mkibadilisha vinne kwa pamoja gari ikapona hutajua kilichoiponya. Na spea ya zamani uiombe, ni mali yako.

Yangu ilimalizwa hivi, tenki lilishushwa likamwagwa na kukaushwa, filta mpya, nozeli zikasafishwa, ikawekwa petroli safi. Ikawaka mara moja. Zile koili nne za zamani nilikuwa nimezihifadhi kwenye boksi, yule mzee akazirudisha moja moja na kuzijaribu, zote zikachoma vizuri. Ndo ziko kwenye gari mpaka leo, zile mpya ziko kwenye buti kama akiba.