Kifua cha Mgonjwa wa Kisukari: Fuata Njia ya Ugonjwa Kabla ya Kuandika

Juma lililopita msomaji mmoja anayesomea utabibu hapa Dodoma aliniandikia akiomba nimsaidie kueleza patofiziolojia, yaani namna ugonjwa unavyoharibu kazi za mwili hatua kwa hatua, ya mgonjwa wa kisukari aliyelazwa kwa tatizo la kupumua. Tayari alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu kisukari na kurasa mbili kuhusu homa ya mapafu, akataka kujua kama zinatosha. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaelekea huko huko: mnataka kusimama mbele ya madaktari bingwa mkiwa na taarifa ya mgonjwa isiyotikisika, na baadaye kuwa watu wanaotegemewa wodini.

Kurasa hizo hazitoshi, mdogo wangu, na tatizo si uchache wake. Umeeleza magonjwa mawili kana kwamba yamelazwa vitanda viwili tofauti. Patofiziolojia ya mgonjwa huyu inaanza pale sukari inapoingia kwenye mapafu, na haimaliziki mpaka ueleze namna maradhi ya mapafu yanavyorudi kuipandisha sukari.

Nililielewa jambo hili nikiwa katika mafunzo ya vitendo, wakati wa kiangazi, pale upepo wa Dodoma unapobeba vumbi kutwa, usiku kukawa na baridi, na wodi zikajaa vikohozi. Tulimpokea mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Bahi, mkulima wa mtama, aliyekuwa na kisukari kwa miaka mingi na aliyetumia vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, kwa vipindi akivikosa kwa sababu ya umbali na fedha. Alikuwa amekohoa kwa majuma kadhaa na kupewa antibayotiki na dawa ya maji ya kikohozi kwenye duka la dawa. Alipofika alikuwa na homa, anapumua mara 34 kwa dakika, oksijeni kwenye damu ikiwa asilimia 87, na sukari ikiwa 26 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, yaani juu mno. Sauti za mkoromo zilisikika chini ya pafu la kulia. Uamuzi ulikuwa wa haraka: kichomi, yaani homa ya mapafu. Akawekewa oksijeni na antibayotiki ya mshipani, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kadiri ulivyofika.

Mimi nilibaki kando ya kitanda nikimwangalia anavyopumua. Mgonjwa wa kichomi mara nyingi hupumua kwa haraka lakini juu juu, kwa kuwa maumivu ya kifua humkatiza pumzi. Mama huyu alikuwa akivuta pumzi ndefu, za kina, zisizo na mapumziko, na hata oksijeni ilipopanda hadi asilimia 95 kasi ile haikupungua. Nikaomba mkojo upimwe ketoni, na majibu yakaonyesha ketoni nyingi.

Hapo ndipo ilipo nusu ya somo. Maambukizi huufanya mwili utoe kwa wingi kortisoli, adrenalini na glukagoni, homoni ambazo kazi yake wakati wa dhiki ni kuongeza sukari kwenye damu, na kemikali za uvimbe huzifanya seli zisiitii insulini. Mtu mwenye kongosho zima humudu kwa kutoa insulini zaidi. Mgonjwa wa kisukari hana akiba hiyo. Sukari hupanda, figo huitoa pamoja na maji, mwili hukauka, na seli zinazokosa sukari ndani yake huanza kuchoma mafuta. Ini hugeuza mafuta hayo kuwa ketoni, na ketoni ni asidi. Bikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza makali ya asidi, inapotumika na kupungua, mwili hutafuta njia ya pili ya kuondoa asidi, nayo ni kutoa hewa ukaa kwa kupumua kwa kina na kwa kasi. Daktari wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, aliueleza upumuaji huu mwaka 1874, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Wengi hudhani hali hii ya damu kujaa ketoni ni ya kisukari cha aina ya kwanza peke yake, lakini maambukizi makali huweza kuileta hata kwa mgonjwa wa aina ya pili.

Kwa hiyo mama yule alikuwa akihema kwa sababu mbili kwa wakati mmoja: pafu lililojaa usaha na majimaji, na damu yenye asidi. Ukitibu ya kwanza ukaiacha ya pili, mgonjwa huchoka kuhema mbele ya macho yako huku mtungi wa oksijeni ukiwa wazi.

Nusu nyingine ya somo ni kwa nini pafu lenyewe liliugua kwa urahisi. Ute mwembamba unaofunika njia za hewa za mtu mwenye afya una sukari kidogo sana, takriban moja ya kumi ya ile iliyo kwenye damu, na upungufu huo ni sehemu ya kinga, kwa kuwa bakteria hukosa chakula. Sukari ya damu inapokaa juu, huvuja na kuingia kwenye ute huo. Wakati huohuo seli nyeupe za damu zinazotakiwa kuwaua bakteria zimedhoofika: huchelewa kufika palipo na maambukizi, humeza vibaya, na hata zikimeza hushindwa kuua vizuri. Sababu mojawapo ni kwamba glukosi iliyozidi ndani ya seli hugeuzwa kuwa sorbitoli, aina ya kilevi cha sukari, na kazi hiyo hutumia NADPH, kemikali saidizi ya seli, ileile ambayo seli nyeupe huihitaji ili kutengeneza kemikali kali za kuangamiza vijidudu.

Tena kuna muda. Sukari inayokaa juu kwa miaka hujishikiza kwenye protini, hasa kolajeni, na kuzikakamaza. Pafu hupungukiwa na unyumbufu wake. Kuta za mishipa midogo inayozunguka vifuko vya hewa huwa nene, kama zile za macho na figo, na oksijeni hupata kazi kuvuka. Mgonjwa huenda asilihisi hilo akiwa mzima, kwa sababu mapafu yana akiba kubwa, lakini siku sehemu moja ya pafu ikijaa usaha, akiba haipo. Neva nazo zikiharibika, kikohozi cha kujilinda hudhoofika, na tumbo linalochelewa kumwaga chakula huongeza hatari ya mgonjwa kupaliwa. Moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa, ambao mama yule alikuwa ameuvuta tangu usichana wake, hudhoofisha vinyweleo vinavyosukuma ute nje. Hayo yote yalikuwa ndani ya kifua kimoja.

Nilipoyawasilisha mbele ya wenzangu, mkufunzi mmoja alinikatisha kabla sijafika mbali. Alisema kisukari ni cha kongosho, nieleze kichomi na nikae. Sijasahau vicheko vilivyofuata, wala sitasema havikuniuma. Lakini homa ya mama haikushuka kama ilivyotarajiwa, na makohozi yake yalipopelekwa kwenye kipimo cha vinasaba, kifua kikuu kikaonekana. Eksirei yake ilikuwa imewachanganya wengi kwa sababu doa lilikuwa sehemu ya chini ya pafu, wakati tumezoea kukitafuta kifua kikuu sehemu ya juu. Kwa wagonjwa wa kisukari hujitokeza chini mara nyingi kuliko kwa wengine. Mgonjwa wa kisukari ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hadi 3 kuliko asiye na kisukari, na katika nchi kama yetu, ambako vijidudu hivyo vingali vinazunguka majumbani, jambo hilo halipaswi kuwa tanbihi. Daktari bingwa aliyekuwa akiongoza raundi aliniomba niiwasilishe upya taarifa ileile, kwa ukamilifu, na safari hii hakuna aliyenikatisha. Najivunia siku hiyo, na nina haki ya kujivunia.

Sasa, mdogo wangu, na ninyi nyote mnaojiandaa: mwangalieni mgonjwa anavyopumua kabla ya kufungua kitabu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, tazama kina chake, kisha jiulize kama oksijeni inampunguzia kuhema. Kila mwenye shida ya kifua apimwe sukari, hata yule asiyejua kama ana kisukari, na kila mwenye kisukari anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi atoe makohozi. Sukari ikiwa juu, pima ketoni. Nasisitiza tena: tazama pumzi, pima sukari. Unapoandika, kila sentensi ijibu swali la kwa nini, na kila mshale uliouchora kutoka kwenye sukari kwenda kwenye pafu uwe na mwenzake unaorudi. Msiridhike na kunakili. Nimewaona vijana wenye alama nzuri za darasani wakipita mbele ya mgonjwa anayehema kwa asidi huku wakirekebisha bomba la oksijeni, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu elimu tunayoitafuta ni ya kumfaa mtu aliyelala pale.

Wafundisheni pia wagonjwa wenyewe. Mgonjwa anayetumia insulini akiugua kifua na kukosa hamu ya kula, asiache sindano ya insulini ya muda mrefu kwa kudhani kwamba bila chakula sukari haitapanda. Itapanda kwa sababu ya homoni nilizozitaja. Apime mara kwa mara, anywe maji, na awahi kituo cha afya akianza kutapika au kuhema. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinazotolewa kiholela kwa ajili ya kikohozi zinaweza kumpandishia sukari vibaya ndani ya saa chache.

Umeniuliza mwishoni kama matibabu yaingie kwenye patofiziolojia. Kwa mgonjwa wa aina hii yaingie, kwa sababu dawa nazo hubadilisha mkondo wa ugonjwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huliamsha ini kuvunja dawa nyingi kwa kasi, glibenklamidi ikiwemo, hivyo sukari iliyokuwa imetulia hupanda bila mgonjwa kukosea chochote. Isoniazidi, nayo dawa ya kifua kikuu, huweza kuumiza neva ambazo kisukari kimeshaziumiza, ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6. Mama yule alihamishiwa kwenye insulini kwa kipindi cha dozi ya kifua kikuu. Kwa mgonjwa aliyeongezewa vidonge vya sukari badala ya kupewa insulini, andika kwenye faili lake tarehe ambayo rifampisini itaisha, kwa kuwa katika majuma machache baada ya hapo ini hurudi kwenye kasi yake ya kawaida, na dozi ile iliyoongezwa, isipopunguzwa, itamshusha sukari hadi kiwango cha hatari.