Anti Nesi anajibu: Silikoni, maji, duara, tone... nichukue ipi?

Jamani nimerudi. Toleo lililopita niligusia habari ya kuongeza matiti, mstari mmoja tu, basi simu imejaa meseji mpaka naogopa kuifungua. Nimechagua tano, majina nimeficha. Halafu tuelewane kabisa, humu ndani nitasema "mifuko", maana nikisema vipandikizi nusu yenu mtadhani naongelea vile vya mkononi vya uzazi wa mpango, na mara ya mwisho ndicho kilichotokea.

Anti shikamoo. Nina miaka 34, nimenyonyesha watoto wawili, matiti yameisha yamebaki ngozi tu. Nimeshaamua, na pesa nimeweka pembeni. Shida kila ninayemuuliza ana lake, huyu ananiambia silikoni ni sumu weka ya maji, yule anasema maji ni mambo ya kizamani, mwingine anasema siku hizi kuna jeli ngumu haipasuki maisha. Ipi bora? – Mama Wawili

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuchekeshe, anayekwambia ukimbie silikoni uweke maji hajui kwamba hata ya maji ganda lake la nje ni silikoni. Zote mbili ganda ni lile lile, tofauti ni kilichomo ndani.

Ya maji, yaani maji ya chumvi kama ya dripu, inaingizwa ikiwa imekunjwa haina kitu halafu inajazwa ikiwa imeshakaa ndani, kwa hiyo kovu linaweza kuwa dogo. Na uzuri wake mkubwa ikivuja hujiulizi, unalala na mawili unaamka moja limesinyaa, mwili unayanyonya yale maji hayana madhara. Ubaya wake ni kwa mtu kama wewe uliyebaki ngozi tu, hakuna nyama ya kuifunika, mikunjo inaonekana hasa ukiinama, na ukishika unasikia kabisa ni mfuko wa maji.

Silikoni historia yake ndefu. Mwanamke wa kwanza kuwekewa ni Timmie Jean Lindsey, kule Houston, Marekani, 1962, na alichofuata hospitali ni kufutwa tatuu kifuani, wale madaktari Cronin na Gerow ndo wakamwambia tuna kitu kipya tunakijaribu! Mifuko iliyofuata miaka ya 70 ganda likafanywa jembamba na jeli ikawa nyepesi, likitoboka jeli inatembea. Malalamiko yakazidi, 1992 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ikaizuia kwa wanaotaka urembo, mpaka 2006 ndo ikarudi baada ya utafiti mwingi, na ripoti kubwa ya 1999 ilikuwa imeshaangalia hayo magonjwa ya kinga yaliyokuwa yanasingiziwa silikoni na haikukuta ushahidi kwamba ndiyo inayoyaleta.

Ila sitakudanganya kwamba habari imeishia hapo. Kuna wanawake wanachoka choka, viungo vinauma, akili nzito, na wengine wakitoa mifuko wanapata nafuu. Kipimo cha kusema ndiyo ni mifuko au siyo hakuna. Tangu 2021 FDA imelazimisha hilo liandikwe kwenye onyo la boksi, na mgonjwa asomewe karatasi ya tahadhari kipengele kwa kipengele aweke saini. Ukipewa karatasi kama hiyo usisaini ukiwa umeshavaa gauni la tieta, yaani chumba cha upasuaji, chukua nenda nayo nyumbani.

Sasa hiyo jeli ngumu. Mimi nimeishika. Tulikuwa tieta, mtu wa kampuni kaja na sampuli kaikata katikati kwa mkasi mbele yetu, kaibinya, jeli ikachomoza kama ulimi, kaachia ikarudi ndani yenyewe, hata tone halikudondoka mezani. Haya ndo maendeleo yenyewe na ni ya kweli. Lakini uliyeambiwa haipasuki umedanganywa. Ganda linachanika kama kawaida, ila kwa kuwa jeli imetulia pale pale titi halisinyai, haliumi, wewe huna habari. Wenyewe wanaita kupasuka kimya kimya. Ndo maana ushauri wa FDA ni upigwe ultrasaundi au MRI kuanzia mwaka wa 5 au wa 6, halafu kila baada ya miaka 2 au 3 hata kama hujisikii chochote. Hizo skani ziingize kwenye ile pesa uliyoweka pembeni, na weka na ya sajari (upasuaji) nyingine mbele ya safari, kwa sababu mifuko hii si ya maisha, ya aina yoyote ile.

Kwako wewe kabla ya silikoni au maji kuna swali lingine. Simama mbele ya kioo bila sidiria, weka rula chini ya titi pale kwenye mkunjo linapokutana na kifua. Chuchu iko juu ya rula au chini? Kama iko chini, mfuko peke yake hautainyanyua, utajaza tu kitu kilichokwisha shuka, utapata titi kubwa linaloangalia sakafu. Hapo unahitaji kunyanyuliwa, pengine na mfuko, pengine bila. Daktari ambaye hajakugusia hilo na wewe umenyonyesha wawili, mi ningemtilia shaka.

Anti, rafiki yangu kaweka 400 na zimemkaa vizuri mno. Nimeenda na picha yake kwa daktari ananiambia mimi mwisho 275. Nahisi ananibania, au nitafute mwingine? – Kifua Chembamba

Umejijibu kwenye jina lako mwenyewe. Hizo 400 ni cc, yaani mililita, ujazo tu, haisemi titi litakuwaje. Kinachoangaliwa kwanza ni upana wa titi lako kwa sentimita, kutoka pembeni mpaka katikati ya kifua, na mfuko wenye kitako kipana kuliko hapo utatokeza kwapani au yakutane katikati yawe kama titi moja. Rafiki yako mwenye kifua kipana 400 kwake zimetandaa. Kwako kuzipata labda uchukue zile zenye mwinuko mkubwa, kitako chembamba zinasogea mbele kama mpira, na juu panakuwa na ukingo kila mtu anajua.

Fanya hivi leo. Chukua mifuko miwili ya plastiki, weka maji mililita 400 kila mmoja, funga vizuri, vaa sidiria kubwa kidogo uingize, halafu fanya kazi zako za nyumbani mpaka jioni. Osha vyombo, panda ngazi, jaribu kulala kifudifudi. Jeli uzito wake haupishani sana na maji, kwa hiyo hapo umebeba karibu gramu 800. Kesho yake jaribu na 275. Wengi niliowaambia wafanye hivyo wamebadilisha namba, na wachache wamebaki na namba yao ile ile, sawa, lakini sasa wanajua wanachoomba.

Mfuko mzito kuliko ngozi yako unaikondesha ngozi taratibu, unashuka chini ya mkunjo, na hapo kurekebisha ni kazi kuliko kuweka. Wenye nyama kidogo daktari huwa anapenda kuuingiza chini ya msuli ili juu pafunikwe, inasaidia kweli, ila maumivu ya siku za kwanza ni zaidi na ukikaza kifua, mfano ukisukuma mlango mzito, unaona titi linaruka lenyewe. Kama wewe ni mtu wa jimu mwambie mapema.

Na zile picha za kompyuta wanazokupiga kifua halafu wanakuonyesha utakavyokuwa, nzuri kwa kuelewana, usizichukue kama ahadi. Huyo daktari hakubanii dada. Daktari anayekubali namba yoyote unayotaja ndo wa kuogopa.

Hivi ni kweli ndani ya ndege zinapasuka? Halafu nimeona kuna mpya zina chipu, si watakuwa wananifuatilia niliko? – Msafiri

Hazipasuki ndegeni, panda ulale. Chipu ipo, kampuni ya Motiva ndio wanajulikana nayo, haina betri, imebeba namba tu na mashine ya kuisoma lazima isogezwe mpaka kifuani, kwa hiyo anayetaka kukufuatilia itabidi kwanza akukumbatie. Tatizo lake la kweli ni kwamba kwenye MRI inaweka kivuli cheusi panapokaa, sehemu ndogo ya titi isionekane. Kama kwenu kuna historia ya saratani ya matiti lizungumze hilo mezani. Na siku ya mamografia sema una mifuko mapema, kuna namna ya kuisukuma nyuma na kuvuta nyama mbele ndo wapige picha.

Nina miaka 19, boifrendi wangu anasema atanilipia yote. Niweke zipi ambazo hazitanizuia kunyonyesha baadaye? – Bado Mdogo

Marekani silikoni kwa urembo ni kuanzia miaka 22, ya maji 18, na moja ya sababu ni kwamba titi la umri wako linaweza kuwa bado linakua. Kunyonyesha wengi wananyonyesha vizuri tu, ila mkato wa kuzunguka chuchu ndo unaoweza kugusa njia za maziwa kuliko ule wa chini kwenye mkunjo. Hilo ndo jibu la ulichouliza. Ambalo hujauliza ni nani atalipa skani ya mwaka wa 6 na sajari ya kutoa, maana mwili unabaki kuwa wako hata boifrendi akibadilika. Subiri, mwanangu.

Anti, niliweka miaka 9 iliyopita, zile za umbo la tone. Hazijawahi kunisumbua. Wiki mbili sasa la kushoto limevimba, haliumi, ila limekuwa kubwa kuliko mwenzake mpaka sidiria haifungi. Nisubiri? – Wa Kushoto

Hii ningeiweka juu kabisa ila mwenyewe nilimjibu siku ile ile. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine wanaosubiri.

Usisubiri. Mifuko ya umbo la tone ikizunguka ndani titi linaenda upande, kwa hiyo walizitengenezea ganda la mkwaruzo, kama msasa, nyama ishikilie. Pia ilisemekana mkwaruzo unapunguza ule ugumu. Mwili lazima ujenge ukuta wa kovu kuzunguka mfuko, kwa kila mtu, ila kwa wengine ule ukuta unakaza kama shati lililoingia kwenye maji moto, titi linakuwa gumu linapanda juu. Basi mkwaruzo ukaonekana dawa. Mwaka 2011 FDA ikatoa tahadhari ya kwanza, kuna limfoma adimu, saratani ya chembe za kinga, inayoota ndani ya huo ukuta, si saratani ya titi lenyewe, na inaonekana zaidi kwa wenye mifuko ya mkwaruzo. Aprili 2019 Ufaransa wakapiga marufuku yenye mkwaruzo mkali, Julai kampuni ya Allergan wakaziondoa sokoni Biocell zao za mkwaruzo dunia nzima.

Dalili yake kubwa ndo hiyo yako, titi moja kuvimba maji ghafla baada ya miaka mingi. Mara nyingi inakuwa kitu kingine, lakini huwezi kujua kwa kuangalia kwenye kioo. Omba ultrasaundi, kukiwa na maji yavutwe kwa sindano, na usikubali yamwagwe, yaende maabara na uandike kabisa kwenye fomu wapime CD30, alama ya hiyo limfoma. Ikiwa ndiyo na imewahiwa, wanatoa mfuko pamoja na ukuta wake wote, na wengi inaishia hapo bila hata dawa za saratani.

Nyie wengine wenye mkwaruzo msio na dalili, FDA haijasema mkazitoe. Msije mkakimbilia kupasuliwa kwa sababu yangu. Tafuteni kadi tu. Ile kadi ndogo yenye stika ya kampuni, aina, saizi na namba ya utambulisho ya mfuko. Mnakumbuka kampuni ya mifuko ya PIP ya Ufaransa, 2010, yule mwenye kampuni Jean-Claude Mas alikuwa anajaza silikoni ya viwandani badala ya ya hospitali, wanawake kwa malaki dunia nzima wakaanza kujiuliza kilichomo vifuani mwao ni cha nani, na mwenye kadi alijua siku hiyo hiyo, asiye nayo akaanza kutafuta faili la miaka kumi nyuma kwenye kliniki iliyokwishafungwa.

Wa Kushoto, ulisema kadi hujui iko wapi. Nenda hata bila kadi. Ukitoka ultrasaundi niandikie, yako nitaifungua ya kwanza.