Kabla ya kununua sinki la choo, pima tundu

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale Kariakoo, muuzaji ataanza na rangi, mng'ao na mfuniko unaoshuka polepole. Msikilize, ila pesa ibaki mfukoni. Sinki litakalokaa bafuni kwako huamuliwa na tundu la maji machafu, na hilo yeye hajaliona.

Chukua futikamba. Bomba likitokea sakafuni, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Likitokea ukutani, pima kutoka sakafuni kwenda juu. Kama tailizi bado hazijapigwa, punguza sentimita mbili tatu, maana tailizi zitazila. Sinki linalotolea chini huitwa S, linalotolea nyuma huitwa P. Yale ya S mengi yametengenezwa kwa sentimita 25, 30 au 40. Ukilipeleka la 30 kwenye tundu lililo sentimita 20 kutoka ukutani, tangi litagonga ukuta kabla sinki halijafika mahali pake. Fundi atakwambia kuna kiungo cha kupindisha. Kipo kweli, lakini kila kona unayoongeza ni mahali pa kuziba.

Halafu maji. Kwetu yanakokatika mara kwa mara, mimi nanunua lile ambalo dimbwi lake la ndani ni dogo: njia yake ni fupi na pana, na ndoo moja inalisafisha. Lenye dimbwi kubwa hunyonya kimyakimya na linapendeza, ila njia yake ni nyembamba na ya kuzunguka. Tangi la vitufe viwili, lita 3 na lita 6, linastahili nyongeza ya bei kwa mwenye simtanki.

Wa Pwani tuna jambo jingine. Dar na Unguja kibla iko karibu kabisa na kaskazini, kwa hiyo choo kinachoelekea kibla au kuipa mgongo kitaleta maneno nyumbani. Mwambie fundi siku ya kulaza bomba; siku ya kufunga sinki umechelewa.

Kwenye kufunga, mafundi wengi hupenda kulimwagia saruji chini. Halitatikisika, ndiyo, lakini siku ya kulitoa utalivunja. Nataka skrubu na fisha, yaani plastiki inayoshika skrubu ndani ya tundu, zikazwe kidogokidogo kulia na kushoto, kwani ukizidisha, udongo wa sinki unapasuka. Pembeni pakwa silikoni, isipokuwa upenyo mdogo nyuma: kiungo kikivuja, maji yatokee hapo uyaone, yasijifiche chini. Na koki ndogo ya kufungia maji usikubali iachwe.

Kabla ya kumalizia malipo, flashi mara kadhaa na upitishe karatasi kavu kwenye maungio yote. Kisha tia rangi ya chakula ndani ya tangi, uache nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki, mpira wa tangi haukukaa sawa, na fundi bado yupo.