Mwalimu Tujibu: Jibu sahihi huwa halina mbwembwe

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nimemaliza chuo, nimeshaitwa usaili wa benki zaidi ya mara moja na naangukia pale pale, kwenye testi ya kompyuta, ile unapewa maelezo mafupi halafu wanauliza kipi kinaweza kuhitimishwa hapo. Hesabu napata, Kiingereza kinapanda, ila hapo nachemka. Cheki hili la mazoezi: "Kampuni ya mabasi ilifunga vidhibiti mwendo kwenye mabasi yake yote. Mwaka uliofuata ajali zake zilipungua kwa nusu, idadi ya safari ikabaki ile ile." Mi nikachagua "vidhibiti mwendo ndivyo vilivyopunguza ajali", nikaambiwa nimekosa. Sasa kama sio hivyo ni nini jamani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole mdogo wangu, umechagua jibu ambalo hata mimi kwenye kijiwe cha kahawa ningelitetea mpaka jioni. Ila kijiweni tunabishana nini kilisababisha nini, testi inauliza kitu kidogo zaidi: nikikubali kila sentensi hapo juu kuwa kweli, ni kipi siwezi kukikataa? Hilo la vidhibiti nalikataa kiulaini tu bila kugusa sentensi hata moja. Labda mwaka huo huo walifukuza madereva wakorofi, labda barabara ilikarabatiwa, labda matrafiki waliongezeka njiani, maelezo hayajasema na wewe hujatumwa kuyajazia.

Opsheni zingine hujaniandikia ila nabashiri ilikuwepo moja inayosema "wastani wa ajali kwa kila safari ulipungua". Hiyo ndo yenyewe. Ajali nusu, safari zile zile, gawanya mwenyewe uone kama unaweza kuikwepa. Haina utamu wowote, wala haisemi jambo jipya, ndo maana watu wanaipita wakidhani ni mtego halafu wanakimbilia ile yenye maana kubwa kubwa.

Kitu cha kuangalia ni uzito wa maneno. Opsheni ikisema "sababu kuu", "pekee" au "kampuni zote zikifanya hivyo ajali zitapungua" imebeba mzigo mzito, na maelezo ya mistari mitatu mara nyingi hayana nguvu ya kuubeba. "Baadhi", "angalau mmoja", "inawezekana" ni mizigo myepesi. Lakini usiifanye kuwa dawa ya kila swali maana watunzi nao wajanja, kama maelezo yenyewe yamesema "wote" basi jibu lenye "wote" linaweza kuwa ndilo. Na "baadhi" kwenye testi hizi ni kuanzia mmoja, hata wakiwa wote bado "baadhi" ni kweli, tofauti na tunavyoongea mtaani.

Kuna aina nyingine inayowapiga wengi. Ofisi ina watu 100, 60 wana diploma, 70 wanajua Excel. Unaweza kusema nini? Kwamba wenye diploma ndo wanaojua Excel, hapana. Ila wasio na diploma ni 40 tu, kwa hiyo hata wote 40 wakijua Excel bado kuna 30 wengine wanaoijua na lazima hao watoke kwa wenye diploma. Angalau 30 wana vyote viwili, hapo hakuna ubishi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko London, naomba nafasi za mafunzo kwenye kampuni za mawakili na wengi wanatupa Watson-Glaser, mtihani wa kupima jinsi unavyochambua hoja. Nilizoea kwamba usiongeze chochote kutoka kichwani, sasa humu kuna jibu la "huenda kweli". Huenda kwa kutumia nini? – Msomaji wa kike, Uingereza

JIBU: Marahaba binti. Umeshika penyewe, mtihani huo una sehemu tano na sheria zinabadilika ukihama sehemu. Kwenye ile ya makisio una majibu matano: kweli, huenda kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, si kweli, na hapo unaruhusiwa kutumia yale ambayo karibu kila mtu anayajua. Ukihamia ile ya kuhitimisha kimantiki, ruhusa imekwisha, ni kinachofuata moja kwa moja au hakifuati.

Mfano wangu: zahanati ilianza kufungua saa 12 asubuhi badala ya saa 2, mwezi uliofuata wagonjwa wakatoka 310 hadi 450, na hakukuwa na mlipuko wa ugonjwa wowote. "Baadhi ya walioongezeka walivutwa na saa mpya" ni huenda kweli, kwa sababu kila mtu anajua watu hupenda kutibiwa kabla ya kwenda kazini, ila haijathibitishwa. "Wengi wa walioongezeka ni wakulima", taarifa hazitoshi, hata kama zahanati zote unazozijua wewe zimejaa wakulima. "Wagonjwa walipungua", si kweli, imeandikwa. Wanaokosa wanachanganya hayo mawili ya mwanzo. Mi najiuliza hivi: hiki ninachoongeza, mtu wa Oslo na mtu wa Tandahimba wote wangekikubali? Kama ni cha kwetu tu, nakiacha.

SWALI: Nafanya GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, mwaka huu, muda unaniishia. Nibahatishe au niache wazi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Bahatisha, usiache. Sehemu ya lugha ni maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kamili kwa swali huna, na ukiacha maswali bila kumaliza unakatwa. Ukikwama kwenye opsheni mbili chukua ile inayodai kidogo, songa mbele, utarudi mwishoni muda ukiruhusu maana siku hizi wanakubali ubadilishe hadi majibu matatu kwenye kila sehemu.