Funga mdomo kabla hujafungua begi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kusaka vinasa sauti vilivyofichwa, nimewatazama wiki hii nikashindwa kunyamaza. Mnaingia ofisini kwa mteja mkisalimiana kwa sauti ya juu, kisha mnauliza palepale, "Bosi, unahisi wamekiweka wapi?" Mwenzenu mmoja ameshatoa kipima masafa, kile cha kunusa mawimbi ya redio, na kukizungusha hewani, na simu yake mwenyewe inalia mfukoni. Mnajua vifaa kuliko tulivyovijua sisi tukiwa na umri wenu, na ndiyo maana inaniuma.

1. Kazi inaanza mteja anapoinua simu kuwaita. Akiwapigia kutoka mezani kwake, anayemsikiliza ameshajua mnakuja, na kifaa chenye swichi ya mbali kitazimwa mpaka mtakapoondoka. Mkutane naye nje, kwa simu isiyo yake, na msiongelee ndani ya gari lake. Ingieni kama mafundi wa kiyoyozi, ngazi begani. Tena nendeni saa ambayo kuna jambo la kusikilizwa. Wengi wenu mnapenda usiku wa manane kwa sababu jengo limetulia, lakini usiku huo hata msikilizaji naye amelala.

Kisa cha Moscow mnakijua, ila mnakisimulia kwa sababu ya kile kifaa tu. Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa ukutani katika nyumba ya balozi, Spaso House, mpaka 1952. Ndani yake mlikuwa na kazi ya Léon Theremin, mvumbuzi wa Kisovieti: kinasa kisicho na betri wala waya, kinachoamka tu kikipigwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Ukaguzi wa kawaida haukukiona, kwa kuwa mawimbi yakizimwa kinabaki kipande cha chuma. Mimi ninachowaomba mkitazame ni namna kilivyopatikana. Balozi wa wakati huo, George Kennan, alikaa chumbani akimsomea katibu wake imla ya waraka wa zamani wa kidiplomasia, makusudi, ili wasikilizaji wawashe mitambo yao. Mafundi walipita kimya na mashine zao wakiwa wanaifuata ile sauti. Fundi akaanza kubomoa ukuta nyuma ya nembo, akakosa, akaigeukia nembo yenyewe. Wakati huo wote Kennan aliendelea kusoma.

2. Macho na mikono kwanza, mashine baadaye. Kirekodi chenye kadi ya kumbukumbu hakirushi mawimbi yoyote, kwa hiyo analaiza yako ya mamilioni, mashine ya kuchambua mawimbi, itakaa kimya mbele yake. Fungua soketi, pima uzito wa chaja mbili za aina moja, tazama skrubu iliyokwaruzwa karibuni, vumbi lililofutika upande mmoja wa jipsam, rangi mpya inayong'aa kidogo kuliko ya zamani. Na vile vya laini ya simu vinavyouzwa bei ya chakula cha siku mbili hukaa kimya muda mwingi mpaka vipigiwe. Ukipita na kipima masafa dakika tano ukasema pako safi, umemdanganya mtu aliyekuamini.

Hapa ndipo nililipia ada, na nitawaeleza yote. Nilikuwa kijana, msaidizi wa mzee mmoja aliyekuja kwenye kazi hii kutoka ufundi wa redio. Tuliitwa kwenye ofisi iliyokuwa ikipoteza zabuni kwa tofauti ndogo mno ya bei, kila mara. Mzee aliniagiza nikae chini ya meza ya mkutano nikague ekstensheni. Niliifungua, nikakuta pembeni ya nyaya kibao kidogo cha elektroniki, maikrofoni, na simkadi. Furaha ilinipanda kichwani, nikapiga kelele: "Mzee, tumekipata! Kipo kwenye ekstensheni!"

Mzee aliweka kidole mdomoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Tulipompa mtu kazi ya kuifuatilia ile laini, ilikuwa haipatikani tena. Zama zile simkadi ilinunuliwa barabarani kama karanga, bila kitambulisho, na uzi wetu wa pekee ukakatikia hapo. Kama ningenyamaza tungerudishia kifuniko, tukatoka nje, tukampangia mteja ataje bei tatu tofauti mbele ya watu watatu tofauti, halafu tukangoja ni bei ipi ingefika kwa washindani. Kifaa kikiwa hai kinaweza kukuelekeza kwa mwenyewe. Mimi nilikiua kwa pumzi moja.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwafokee. Mwenye ofisi alitaka jina. Sisi hatukuwa na jina, kwa hiyo akajitafutia: mama wa usafi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichomeka na kuchomoa vitu chini ya meza. Alifukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ni yeye aliyekuwa ametuletea chai asubuhi ile na kuuliza kama kuna anayetaka bila sukari. Huenda alihusika, huenda hakujua lolote, na mtu wa kumsafisha au kumthibitishia tuhuma hakuwapo tena, kwa sababu ya ule mdomo wangu. Mzee hakunigombeza. Aliniambia niandike ripoti mimi mwenyewe, na nikatakiwa kujaza sehemu ya "mhusika". Niliandika hajulikani, nikakaa na kalamu mkononi muda mrefu, kwa sababu nilijua nilichomnyima yule mama.

Kwa hiyo ukipata kitu, shika bega la mwenzako, onyesha kwa kidole, piga picha, endelea kuzungumzia gesi ya kiyoyozi. Nje ndiko kwa kuamua.

3. NLJD, mashine inayorusha mawimbi na kusikiliza yanayorudi kutoka kwenye vifaa vya elektroniki, si fimbo ya uganga. Inaitikia nusu-kipitishi, vile vipande vilivyomo ndani ya kila kifaa cha elektroniki, hata kama kifaa kimezimwa, ndiyo raha yake, lakini inaitikia pia msumari wenye kutu. Tazama haramoniki, yaani mawimbi yanayorudi kwa masafa mara mbili (ya pili) au mara tatu (ya tatu) ya uliyoyatuma: ya pili ikizidi ni elektroniki, ya tatu ikizidi ni kutu. Piga ukuta kwa ngumi. Kutu itayumba, elektroniki itatulia. Majengo yetu ya pwani, kwa chumvi ile, yamejaa kutu. Msinibomolee kuta za watu.

4. Msisahau waya wa mtandao. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikihamishwa usiku kwenda Shanghai, na kwamba maikrofoni zilikutwa kwenye madawati na kuta. China ilikanusha, na Umoja nao ukakanusha. Kwa fundi somo liko palepale: muulize mtu wa mtandao ni nini kinachotoka saa saba usiku wakati hakuna mtu kazini.

5. Simu. Acheni kumwambia mteja abonyeze *#21# aone kama "anasikilizwa". Inaonyesha kama simu zake zinaelekezwa kwingine, basi. Simu kupata moto si ushahidi. Anza na vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yake, kisha programu zilizopewa mamlaka ya msimamizi, kisha nani anajua namba yake ya siri. Mara nyingi jibu liko nyumbani kwake, na hapo uwe na adabu sana. Akiwa mwanahabari au mwanaharakati na unahofia kitu kama Pegasus, programu ya kupeleleza simu ambayo watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifichua 2016, usiifute simu wala kuirudisha kiwandani. Utafuta alama zenyewe. Mpeleke kwa wachunguzi wenye uwezo huo.

6. Watu. Hamna mamlaka ya kumpapasa mtu yeyote. Kenya, ibara ya 31 ya Katiba inamlinda mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Tanzania ni ibara ya 16. Mwombe mtu aweke vitu mezani mwenyewe, mwanamke akaguliwe na mwanamke, na akikataa, mwambie mteja akutane naye mahali pengine. Na mkaguzi asianze na mlinzi na dada wa usafi halafu akampita mkurugenzi kwa "shikamoo". Kalamu ya zawadi yenye kinasa ndani huenda iko mfukoni mwa mkurugenzi.

7. Ripoti isiseme "chumba ni salama". Iseme mlikagua nini, kwa kifaa gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani aliingia baada yenu kama mlimwona. Bandikeni stika zenye namba kwenye soketi na vifuniko vyote mlivyofungua, na nakala ya namba hizo abaki nayo mteja, siyo katibu wake.