Daftari la besiboli kwenye kibanda cha Owino

Kofia zenye herufi N na Y zilizosokotana, alama ya timu ya besiboli ya New York Yankees, zimejaa Kampala. Huvaliwa na waendesha bodaboda, makondakta wa teksi, wanafunzi wa Makerere, hata wazee wa mtaani kwetu. Mimi ni mmoja wa wanaoziuza. Hufika ndani ya belo za mitumba, zikiwa zimechanganyika na jezi za timu nyingine za besiboli za Marekani: Cubs, Braves na Dodgers. Wenzangu wengi wa soko la Owino huziona ni nguo tu. Mimi timu zenyewe nazijua, wachezaji wake nawajua, na msimu ukianza moyo wangu huhamia huko.

Ndugu na wateja huniuliza mchezo ule wa Wamarekani unanisaidia nini mimi, mama wa watoto, niliyekulia kota za polisi Naguru ambako mpira ulikuwa mmoja tu, wa miguu. Jibu langu halibadiliki: umenifundisha kushika pesa. Leo nataka nilieleze kwa kirefu, maana naona dada zangu wengi sokoni wanafanya kazi kuanzia alfajiri hadi magharibi, kisha hawajui pesa imeishia wapi.

Kwanza niseme kwamba besiboli si mgeni Uganda. Mwaka 2011 watoto wetu walipata nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na wakawafunga watoto wa Oregon 3-2. Mwaka 2015 Uganda ikarudi tena. Siku hizi mchezo huu uko katika shule kadhaa, na mwanangu wa kwanza alianza kuucheza shuleni kwao. Yeye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuidaka mipira anayorusha mrushaji. Mwalimu wao aliomba mzazi mmoja amsaidie kuandika daftari la mchezo, nami nikajitolea. Hapo ndipo nilipofunguka macho.

Katika besiboli mpigaji huupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo viitwavyo beisi, na walinzi hujaribu kumtoa kabla hajafika. Na kila kitu kinaandikwa. Kila mchezaji anayelinda ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji 2, beisi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu ni 6, na wale watatu wa nyuma ni 7, 8 na 9, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikuta pameandikwa 6-4-3, unajua mpira ulimfikia namba 6, akampa namba 4, naye akamrushia namba 3, na wapinzani wawili wakatolewa kwa pigo moja. Unaweza kulifungua daftari la mchezo wa zamani sana ukauona wote, hatua kwa hatua.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki. Mpira ukimpita mlinzi, mwandishi hawezi kuandika tu kwamba umepita. Lazima aamue. Ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuna mlinzi wa kawaida ambaye angeuzuia? Basi mpigaji anahesabiwa pigo halali. Au ulikuwa mpira wa kudakika, mlinzi akauachia? Basi mlinzi anaandikiwa kosa, herufi E pamoja na namba yake. Tena pointi zinazoingia kwa sababu ya makosa ya walinzi hazimharibii mrushaji wastani wake wa pointi anazofungwa. Ubaoni timu imefungwa pointi zile zile. Daftarini imeandikwa imefungwa kwa sababu gani na ya nani.

Sasa njoo kibandani kwangu. Kila jioni kabla ya kufunga naandika nilichouza, nilichonunua, na kila kilichotoka: chakula, mbebaji wa mizigo, ushuru, bodaboda, akiba ya SACCO, pesa niliyomtumia mama kwa simu pamoja na makato yake. Wengi wanaoandika huishia hapo. Mimi naongeza safu moja, na ndiyo nakushauri uiongeze: kando ya kila hasara weka alama, kosa au si kosa.

Mvua ikinyesha, mfereji wa Nakivubo ukafurika na maji yakaingia sokoni, wateja hawaji. Hiyo si kosa. Belo limefunguliwa, nusu ya jezi zina madoa ya rangi: mara ya kwanza si kosa, maana belo hununuliwa limefungwa. Ukirudi kwa muuzaji yule yule bila kumuuliza, ukapata madoa yale yale, andika kosa. Ukimkopesha mteja jezi bila kuandika jina lake wala siku ya kulipa, hilo ni kosa hata kama baadaye atalipa. Na ukitoa pesa ya mtaji kununua sukari ya nyumbani, ni kosa, hata watoto wakinywa chai na kushiba.

Kwa nini nasisitiza jambo hili? Kwa sababu sokoni nawaona watu wa aina mbili wakiumia. Kuna anayeita kila kitu bahati mbaya: wateja wamepungua, nchi ni ngumu, jirani amemfanyia uchawi. Huyo habadilishi chochote. Na kuna anayejilaumu kwa kila kitu, hata kwa mvua, mpaka anakata tamaa na kukiacha kibanda. Safu ile inawasaidia wote wawili. Mwisho wa mwezi unajumlisha makosa peke yake, na hiyo ndiyo pesa unayoweza kuiokoa mwezi ujao. Hasara nyingine unaitengea akiba, kwa sababu itakuja tena na huna uwezo wa kuizuia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nakubali, ila naona daftari lisilotaja sababu nalo haliwi na habari ya kutosha.

Jambo la pili ni urefu wa msimu. Kila timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kabla ya mtoano kuanza. Dodgers waliochukua ubingwa wa mwaka 2025 walipoteza mechi 69 katika msimu wa kawaida. Bingwa huyo! Kwa hiyo siku moja mbaya sokoni isikufanye uuze bidhaa kwa bei ya kutupa, na siku moja nzuri isikufanye uahidi kumnunulia shemeji pikipiki. Mimi napima kwa mwezi, na maamuzi makubwa kama kuhama kibanda au kubadilisha aina ya bidhaa nayapima kwa mwaka, kwa sababu kuna Krismasi, kuna Idi, na kuna Januari na Februari ambazo ada za shule hunyonya kila shilingi ya Kampala.

Sasa nije kwenye kamari, na hapa sina upole. Ukitembea kutoka Owino hadi stendi ya zamani ya teksi unazipita nyumba za kubeti, na ndani yake wamo vijana ambao hawajafika umri. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza kumbetisha mtu aliye chini ya miaka 25. Sheria hiyo ni nzuri, nami natamani ingefuatwa. Kijana anakuja kwangu kununua kofia, mkononi ana tiketi ya mechi kumi, anasema kila moja ina uhakika. Huwa namwomba tukae tuhesabu. Tuseme kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu. Mbili pamoja ni moja kwa nne. Tatu ni moja kwa nane. Ukifika kumi ni moja kwa 1,024. Hata ungeweka tiketi ya namna hiyo kila siku, kwa wastani ni karibu miaka mitatu kupata ushindi mmoja, na anayepanga malipo amekwisha kujikatia faida yake kabla hujaingia mlangoni.

Besiboli inaijua kamari na imeumizwa nayo. Pete Rose, mwenye mapigo halali 4,256, ambayo hakuna aliyewahi kuyafikia katika ligi kuu, alifungiwa mwaka 1989 kwa kubeti mechi za timu aliyokuwa akiifundisha. Na karibuni tumeona ya Shohei Ohtani, nyota Mjapani wa Dodgers. Mkalimani wake, Ippei Mizuhara, mtu aliyeaminiwa mpaka kwenye akaunti ya benki, aliiba karibu dola milioni 17 kulipa madeni ya kubeti. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Hakuanza na mamilioni. Alianza kama wanavyoanza vijana wetu, kisha akawa anafukuza alichopoteza. Nawaambia wenye biashara: msaidizi wako akianza kubeti, usingoje pesa ipungue. Zungumza naye mapema, na namba ya siri ya simu yako ya pesa ibaki kichwani mwako peke yako.

Kuhusu mikopo na ahadi za kulipwa baadaye, mwalimu wangu ni mkataba wa mchezaji Bobby Bonilla. Mwaka 2000 timu ya New York Mets ilitaka kuachana naye huku yeye akiwa bado anaidai dola milioni 5.9 za mkataba. Wakakubaliana wasimlipe wakati ule. Badala yake, kuanzia 2011 hadi 2035, kila Julai mosi anapokea dola 1,193,248, kwa sababu deni lilipewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Watu huwacheka Mets. Mimi namtazama Bonilla: alikubali kungoja, lakini kungoja kwake kulikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa. Mteja akikuambia atakulipa mwisho wa mwezi, una haki ya bei ya mkopo iliyo juu kidogo ya bei ya taslimu, na ukaiandika mbele yake. Kama wewe ni Mwislamu na riba huitaki, uza kwa taslimu, au mkubaliane bei moja tangu mwanzo na tarehe isiyosogea.

Upande wa pili wa kisa hicho nao una uzito. Wamiliki wa Mets waliona kuchelewesha malipo ni busara kwa sababu pesa zao walikuwa wamemwekea Bernie Madoff, mtu aliyewekeza pesa za watu, ambaye faida zake zilipendeza mno. Mwaka 2008 ikajulikana zote zilikuwa utapeli. Matajiri wa New York, wenye wanasheria na wahasibu! Basi mtu akija kibandani kwako na mpango wa kuongeza pesa yako maradufu kwa miezi mitatu, muulize faida inatoka kwenye biashara gani. Akianza kukueleza kuhusu kuleta wanachama wapya, mpe maji anywe aende zake.

La watoto nitalisema kama mzazi. Waganda wameanza kusainiwa. Mwaka 2022 Dodgers waliwachukua Ben Serunkuma na Umar Male, na David Matoma naye alisainiwa na Pittsburgh Pirates kama mrushaji. Dennis Kasumba, mdakaji wa Wakiso ambaye video zake za mazoezi na matairi zilizunguka dunia, alifika kwenye ligi ya Draft, ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu kubwa, huko Marekani mwaka 2023. Nawapenda wote na nawaombea. Lakini mzazi asione mkataba akadhani umaskini umekwisha. Katika ligi kuu mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Hatua moja tu chini yake, ligi za chini, makubaliano ya mwaka 2023 yaliweka dola 35,800 kwa mwaka, na kabla ya hapo ilikuwa 17,500. Huko chini ndiko wachezaji wengi hubaki mpaka wanaacha mchezo. Kwa hiyo mwanangu anadaka mpira, na pia anafanya hesabu na Kiingereza, na ada yake nailipa kutoka kwenye akiba, sitegemei skauti, yule mtafuta vipaji. Akipata bursari ya michezo nitashukuru, maana bursari ni pesa inayoonekana muhula huu.

Mwisho, swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kuupenda mchezo: unatazama saa ngapi? Mechi ya jioni ya Los Angeles huanza kwetu karibu saa kumi na moja alfajiri. Ukizifuata zote utasinzia kibandani na mwizi atachagua jezi anayoitaka. Mimi nalala. Asubuhi nasoma jedwali la mchezo kwenye simu, ambalo kwa anayejua kulisoma linaeleza kila mpigaji alifanya nini, na bando linalotumika ni dogo sana. Fainali pekee ndizo najiruhusu, kwa zamu. Oktoba 2025 mechi ya tatu kati ya Dodgers na Blue Jays ilikwenda ininga 18, yaani awamu 18 za kupiga, mara mbili ya kawaida. Nililala kama kawaida, nikaamka, nikawaandaa watoto, nikafika Owino, nikapanga kofia zangu, na mchezo bado unaendelea! Freddie Freeman wa Dodgers alipopiga homurani, pigo la kuuvusha mpira nje ya uwanja, na kuumaliza, kwetu ilikuwa karibu saa nne asubuhi, na nilikuwa nimekwisha kuuza. Bando la siku ile nililiandika kwenye safu ya starehe, ambayo nayo ina kiasi chake cha mwezi, na kikiisha nangoja mwezi ujao.